Shotgani ya Mzee Imefika Nyumbani: Ikague Kabla Hujaitia Risasi

Muuzaji wa shotgani kuukuu ya mitutu miwili ana maneno anayoyapenda: "Juzi tu imepigwa, haina tatizo." Mnunuzi akishaiona inang'aa, akaifunga ikaitika tak, anaridhika na kutoa hela. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Bunduki kupiga juzi ni habari ya juzi. Mtutu uliokonda hautoi onyo. Utavumilia risasi nyepesi miaka na miaka, kisha utapasuka siku ambayo mwenyewe amebadilisha aina ya risasi, au tope la shambani limeziba mdomo bila yeye kujua. Na mkono wa kushoto wa mpigaji hukaa karibu kabisa na pale ukuta wa mtutu unapoanza kuwa mwembamba.

Huku kwetu nyanda za juu kusini silaha hizi zina historia. Wajerumani walioruhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925 walifungua mashamba Iringa na Mufindi. Waingereza wakakaa Sao Hill, Wagiriki wakalima tumbaku Iringa, kahawa ikashika Mbozi, na miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa kule Chunya ikavuta watu wa kila namna. Shotgani ilikuwa chombo cha kawaida cha shambani: kanga, kware, nguruwe pori anayefukua viazi usiku. Vita vilipoanza 1939 Wajerumani waliwekwa kizuizini na mali zao zikachukuliwa. Baada ya Uhuru wengi wa waliobaki waliuza na kuondoka. Bunduki zikabaki kwa wasimamizi wa mashamba, kwa watumishi wa serikali, kwa wenye maduka, hadi kwa watoto wao. Ndiyo maana inayouzwa leo Mafinga au Vwawa inaweza kuwa imetoka Suhl ya Ujerumani, Birmingham ya Uingereza au Liège ya Ubelgiji karibu miaka mia iliyopita, na hakuna mtu hai anayejua imepitia mikono mingapi.

Makaratasi niyapitie haraka, kwa kuwa hayana mjadala. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umiliki hauhami kwa kupeana mkononi wala kwa wosia wa baba. Leseni ni ya mtu, na polisi ndio wanaosimamia uhamisho. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Halafu angalia kama namba ya mitutu, ya mwili na ya ubao wa mbele ni moja. Mitutu yenye namba tofauti na mwili maana yake bunduki mbili zimeungwa kuwa moja, na kila kitu nitakachoeleza hapa chini inabidi ukitilie mashaka mara mbili.

Sasa ifungue. Hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba zote mbili, yaani sehemu za nyuma za mitutu risasi inapokaa, ni tupu, hata kama aliyekupa amefanya hivyo mbele yako dakika hiyo hiyo. Vua ubao wa mbele, tenganisha mitutu na mwili, igeuze mitutu juu chini. Kazi yenyewe inaanzia hapo. Maua yaliyochongwa ubavuni, jina lililoandikwa kwa dhahabu, mbao ya mwalnati: yote hayo yaache kwanza. Jina hasa linadanganya, maana viwanda vidogo vya Liège vilitengeneza bunduki nyingi na kuziandika majina yanayosikika ya Kiingereza.

Kinachosema kweli ni mihuri midogo iliyogongwa chini ya mitutu, karibu na chemba. Katika nchi za Ulaya zenye sheria ya majaribio, bunduki haikuruhusiwa kuuzwa kabla ya mitutu yake kupigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kupita ile ya matumizi. London wamekuwa na mamlaka ya kazi hiyo tangu 1637, Liège 1672, Birmingham 1813. Ujerumani ilitunga sheria yake 1891 ikaanza kutumika 1893. Mtutu uliopasuka ulitupwa. Uliosalimika uligongwa muhuri, na muhuri huo unamjibu mnunuzi wa leo maswali manne: umejaribiwa wapi, lini, kwa baruti gani, na ulikuwa na upana gani siku hiyo.

Ukiona herufi ELG ndani ya duara la yai, hiyo ni ya Liège. Taji juu yake linamaanisha 1893 au baada ya hapo. Herufi BP na BV chini ya taji ni Birmingham kuanzia 1904. Za Kijerumani zina taji juu ya herufi moja moja: U kwa iliyokaguliwa, S kwa mtutu wa marisau, W kwa mtutu uliobanwa mdomoni, yaani wenye choki. Bunduki nyingi za Suhl kuanzia miaka ya 1920 zina pia tarehe, yaani mwezi na mwaka, kwa mfano 3.27. Usome hivyo: Machi 1927.

Mihuri hii inanyoosha hadithi nyingi za familia. Nyumba za Iringa hazikosi bunduki inayosemwa kuwa ni ya enzi za Mkwawa. Mkwawa alifariki 1898. Neno Nitro kwenye mitutu ya Kijerumani lilianza kugongwa yapata 1911, kwa hiyo shotgani yenye neno hilo haikuwa imepata muhuri huo Mkwawa akiwa hai. Hilo haliishushi thamani. Kwa mtu anayetaka kuipiga ni habari njema, kwa sababu Nitro maana yake mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na risasi zinazouzwa madukani leo ni za baruti hiyo. Kwa Wabelgiji tafuta simba aliyesimama juu ya herufi PV. Kwa Waingereza, NP chini ya taji, au maneno Nitro Proof. Usipoona dalili yoyote ya aina hiyo, chukulia kwamba bunduki ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya zamani yenye moshi, na usiitie risasi ya dukani.

Baruti nyeusi inatuleta kwenye mitutu ya Dameski. Hii ilitengenezwa kwa kusokota vipande vyembamba vya chuma na feleji, kuvizungusha kwenye fimbo na kuviunga kwa moto na nyundo hadi viwe bomba. Matokeo ni michirizi myororo inayopendeza sana, na maelfu ya maungio ambayo hakuna jicho linaloweza kuyafuata ndani ya ukuta. Kutu ikiingia kwenye ungio moja, inakula kimyakimya. Michirizi hiyo mara nyingine imefunikwa kwa rangi nyeusi ya chuma, basi itafute mahali palipofichwa na ubao wa mbele, ambako kwa kawaida hakuna aliyejisumbua kupaka vizuri. Zipo za Dameski zilizopasishwa kwa baruti isiyo na moshi, na Uingereza wapo wanaozipiga hadi leo kwa risasi maalumu za msukumo mdogo. Kwa hali ya Mbeya na Iringa, ambako unapiga kinachopatikana, msimamo wangu ni mmoja: iache iwe kumbukumbu ya ukoo. Mitutu ya chuma cha kuyeyushwa kwa kawaida imeandikwa, kwa mfano Krupp, na hiyo ina nafasi nzuri zaidi.

Turudi kwenye lile swali la nne, upana, kwa sababu ndilo lenye faida kuliko yote na ndilo linalopuuzwa. Namba 12 ya shotgani ni kipenyo cha tufe la madini ya risasi ambalo matufe 12 yake hufanya ratili moja. Kwa milimita ni 18.5. Lakini watengenezaji hawakutoboa mitutu yote sawasawa, na Waingereza kuanzia 1887 waligonga kipimo halisi: 12 kwa milimita 18.5, 13/1 kwa takriban 18.3, 12/1 kwa 18.8. Baadaye wakaandika kwa inchi, kama .729. Wajerumani wa baadaye wameandika milimita moja kwa moja, mfano 18,2.

Fundi akipima leo ndani ya mtutu, takriban sentimita 23 kutoka nyuma, tofauti kati ya kipimo chake na muhuri ndiyo dalili ya chuma kilichoondoka. Tuseme muhuri ni 13/1 na kipimo cha leo ni 18.6. Inaweza kuwa imeondoka zaidi ya robo milimita ya kipenyo. Hakuna risasi inayokula chuma namna hiyo. Aliyekiondoa ni fundi aliyesugua kwa mashine ili kufuta vishimo vya kutu mtutu uonekane mpya. Kwa kanuni za Uingereza, ongezeko la sehemu kumi za elfu moja za inchi, yaani hiyo robo milimita, linaiondoa bunduki kwenye hadhi ya kuwa imejaribiwa, na kuiuza kule bila kuijaribu upya ni kosa la jinai. Kwa hiyo mtutu unaong'aa ndani kwenye bunduki ya miaka 90 unastahili mashaka kuliko mtutu wenye makovu machache.

Na bado kipenyo ni nusu ya habari. Mtutu unaweza kusuguliwa nje pia, kuondoa mabonyeo na kutu kabla ya kupakwa rangi upya. Au tundu lilitobolewa likiwa limeegemea upande mmoja tangu kiwandani, ukuta wa kushoto ukawa mnene na wa kulia mwembamba. Kinachotakiwa ni kipimo cha unene wa ukuta wenyewe, chenye mkono mrefu unaoingia ndani huku mshale ukigusa nje, na mtutu uzungushwe kote. Wengi wa mafundi wa Kiingereza hawaridhiki wakikuta chini ya nusu milimita kwenye sehemu ya mbele ya mtutu. Wenye tahadhari wanataka 0.6 au zaidi. Penye kishimo cha kutu, toa kina cha kishimo. Venia kalipa ya mdomoni haitoshi, kwa sababu inapima ncha, na ncha ndiyo sehemu iliyoachwa nene kwa ajili ya choki.

Hapa najua ugumu ulipo. Kipimo hicho hakipatikani kila mji. Lakini karakana za tona zina vifaa vya kupimia matundu, na fundi bunduki mwenye leseni anaweza kuviazima. Usimpelekee silaha fundi wa tona asiye na leseni. Kifaa ndicho kiende kwa fundi bunduki. Kama itabidi usafiri hadi mkoa mwingine ukiwa na makaratasi yako, safiri. Nauli hiyo ni ndogo kuliko vidole.

Kabla ya kupima, kuna kazi unayoweza kuifanya mwenyewe dirishani. Safisha mitutu kwanza kwa brashi na kitambaa hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu mafuta mengi ndani ya mtutu ni pazia: yanajaza vishimo na kuvipa mng'ao. Elekeza mtutu kwenye mwanga wa mbali, uangalie ndani kutoka nyuma, kisha kutoka mdomoni. Mwanga unajipanga kwa duara safi zinazofuatana. Duara ikikatika upande mmoja, hapo pana bonyeo, na fundi mzuri hulinyoosha. Ukiona pete nyeusi iliyozunguka mtutu mzima, huo ni uvimbe, alama ya siku mdomo ulipozibwa na kitu na baruti ikasukuma. Chuma kimevutwa, hakirudi. Pitisha vidole taratibu nje mahali hapohapo, utausikia.

Vishimo vya kutu hupenda kukaa mbele tu ya chemba. Fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha risasi, ziliacha chumvi baada ya kupigwa, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Bunduki iliyopigwa Tukuyu mwezi wa Machi, ikafutwa nje tu na kutundikwa ukutani, ilianza kuliwa usiku uleule. Mfuko wa ngozi nao, ambao watu wanaudhani ni hifadhi, hushika unyevu wa masika na kuulaza juu ya chuma. Hili la Rungwe, Njombe na Makete lina uzito kuliko vitabu vya ukaguzi vilivyoandikwa kwa hali ya hewa ya Ulaya vinavyodhani.

Mitutu ikiwa bado mkononi, ining'inize kwa ndoano yake ya chini kwenye kidole au uzi, uigonge taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Ikivuma kwa sauti ndefu, kanda za chuma zinazoiunganisha zimeshika. Ikitoa mlio mfupi uliokufa, lehemu imeachia mahali fulani, na maji yamekuwa yakiingia katikati ya mitutu ambako hakuna kitambaa kinachofika. Pafunguliwe na kulehemiwa upya kwa lehemu laini. Fundi akileta moto wa kulehemu mabati, mnyang'anye kazi.

Urefu wa chemba ni mtego mwingine, na naomba usomaji wa makini hapa. Shotgani nyingi za zamani za namba 12 zina chemba ya milimita 65, ambayo Waingereza huiandika 2½. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Likiwa jipya limekunjwa mdomoni, kwa hiyo ni fupi. Ndiyo sababu risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kubishana, na bunduki inafunga vizuri kabisa. Shida inatokea inapopigwa: mdomo wa ganda unafunguka ndani ya sehemu inayobana mbele ya chemba, njia ya marisau inapungua, na shinikizo linapanda. "Mbona iliingia?" si hoja. Fundi apime chemba kwa geji, kisha ununue risasi kwa urefu huo.

Ukishamaliza mitutu, mengine ni mepesi. Irudishe kwenye mwili bila ubao wa mbele, kwa kuwa springi ya ubao huo huficha ulegevu. Futa grisi. Shika kitako kwa mkono mmoja, mitutu kwa mwingine, utikise juu, chini na pembeni. Inue dhidi ya mwanga; usione mwanga kati ya nyuma ya mitutu na ukuta wa mwili. Jaribu kupitisha fila ya mafundi wa magari, kile kibamba cha kupimia nafasi, ile nyembamba kabisa. Ikipita, pini ya bawaba na meno ya chini yamelika. Hili linatengenezeka, ila angalia kama halijawahi kutengenezwa kwa njia ya mkato: alama za nyundo kwenye meno, au kipande cha kopo kilicholehemiwa ndani. Wenzo wa juu nao una lugha yake. Bunduki changa ikifungwa, wenzo husimama kulia kidogo ya katikati. Ukivuka kwenda kushoto, komeo limechoka.

Triga usizijaribu kavu. Pini za zamani hukatika. Tumia maganda ya mazoezi. Funga, weka sefti, yaani kizuizi cha usalama, vuta triga zote mbili, ziachie, kisha toa sefti: nyundo isianguke. Halafu sefti ikiwa imetolewa, piga sehemu ya nyuma ya kitako kwa kiganja, kwa nguvu ya wastani. Nyundo ikianguka kwa mshtuko huo, bunduki haifai kubebwa na mtu yeyote hadi itengenezwe. Watu wengi hawajui kwamba kwenye mtindo ulioenea zaidi, ule wa Anson na Deeley wa 1875, ambao mitutu ikifunguliwa hujikoki yenyewe, sefti kwa kawaida inazuia triga tu. Nyundo zenyewe inabaki kuzishikilia kingo ndogo mbili za chuma. Kingo zikilika, sefti haina la kusaidia.

Kitako kiangalie pale mbao inapokutana na mwili. Kiangazi cha Iringa hukausha mbao, skrubu zikalegea, kisha kila pigo la nyuma linasukuma ufa mbele kidogo. Mbao nyeusi iliyolowa mafuta hapo haishiki gundi. Waya wa shaba uliozungushwa shingoni usikutishe, lakini uondolewe uone unaficha nini. Na skrubu zenye vichwa vilivyochakaa zinasema aliyewahi kuifungua hakuwa fundi.

Kwa bei, mimi napima hivi: mbao, triga, springi, hata ulegevu wa bawaba, vyote vina fundi na gharama inayojulikana. Mtutu uliokonda au uliovimba hauna dawa. Bunduki ya thamani kwa jina, yenye mitutu ya milimita 0.4, ni mapambo. Shotgani ya Suhl isiyo na ua hata moja, Nitro imegongwa, kipenyo hakijasogea, ukuta 0.7, ni silaha ya mkulima kwa miaka mingine mingi, hata kama rangi imetoka yote.

Ikipita, ianze na risasi nyepesi, gramu 28 za marisau ya madini ya risasi, urefu sawa na chemba. Marisau ya chuma kigumu yasiingie kwenye mitutu hii, wala risasi ya tufe moja nzito kabla fundi hajasema choki inairuhusu. Kama nyumbani kuna bunduki ya namba 20, risasi zake zikae kabati tofauti: moja ikiteleza ndani ya namba 12 inapita chemba na kukwama mbele, haionekani, na anayefuatia kutia ya 12 nyuma yake anapasua mtutu. Mwombe fundi aandike vipimo vyote, mtutu wa kulia na wa kushoto, pamoja na tarehe na urefu wa chemba, ukikunje ndani ya leseni. Siku utakapoiuza wewe, karatasi hiyo iende kwa mnunuzi palepale polisi, pamoja na bunduki.